Matunzo ya Haso Tangu Uondoke

Mheta, mtani wangu,

Leo nimerudi kutoka kambi ya kuni. Mikono yangu imechubuka hata kushika kalamu ni taabu, mgongo hautaki kunyooka, na mke wangu Mwajuma amenikanda kwa maji ya moto na chumvi mpaka amechoka yeye. Nilitaka nilale. Lakini tangu ulipoondoka sijakwambia neno, na mama yako kila ninapofika Hombolo ananiuliza kama nimezungumza nawe. Yeye huja kaburini na kibuyu cha pombe ya uwele, akamimina kidogo, akakueleza habari za mbuzi na za mvua. Mimi sijui kuzungumza na kaburi, na pombe simimini. Baba yangu, Mnyamwezi aliyebeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo akabaki huko, alinitia chuo cha Kurani nikajifunza kuandika kwa herufi za Kiarabu. Hilo ndilo ninaloliweza. Najua wewe hukujua kusoma. Nitamwambia mama yako yaliyomo, naye atakueleza kwa Kigogo chenu.

Habari kubwa utazipenda. Reli imetupita, sasa wanaijenga mbali kule magharibi, na Dodoma tumebaki na stesheni, boma na vumbi. Mimi bado ni mpishi katika nyumba ya wageni ya reli. Mwajuma bado anauza karanga na mikate kwa abiria, na bado ananigombeza. Na Haso, mbwa wako, yu hai. Hilo ulitaka kulisikia kwanza, nami nimekuchelewesha makusudi, maana wewe ni Mgogo na mimi ni mtani wako.

Yu hai, lakini amenimaliza.

Nakumbuka siku ile Bwana Mpima alipokuachia Haso. Yule Mdachi aliyekuwa akipima njia ya reli, amelala juu ya machela na homa yake, anapelekwa pwani apande meli arudi kwao. Alikutazama wewe uliyekuwa mtunza mbwa wake, akasema, "Mpige risasi au mchukue. Sitaki ateseke." Ukamchukua. Mbwa wa Ulaya, rangi ya majivu, kichwa kinafika kiunoni kwa mtu mzima, mdomo unadondosha ute kama mtungi uliopasuka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikakuuliza utamlisha nini. Ukasema, "Nitakachokula mimi." Nikakwambia hicho hakikutoshi hata wewe.

Lakini chakula hakikuwa taabu yako kubwa, uliniambia hivyo mwenyewe, nami sikukuelewa. Ulisema mbwa wa kijijini hulala kivulini mchana kutwa, haumwi na kitu. Huyu asipokimbia anatafuna milango. Basi lazima umkimbize, na akikimbia anachomwa miiba, anachanika nyayo, anaokota kupe wa kila zizi kutoka Makole mpaka Nzuguni. Wakati wa Bwana Mpima dawa zilikuja katika masanduku. Alipoondoka zikaisha. Nakumbuka ulivyokaa kwenye kizingiti cha jiko langu, umempakata mguu wake mmoja unatoa miiba, ukasema kwa kuchoka, "Sudi, mnyama huyu hakuumbwa kwa mshahara wangu." Kisha ukaendelea kutoa miiba.

Na alfajiri mlikuwa mnapita nyuma ya jiko, wewe na fimbo yako ndefu ya kuchungia, yeye mbele yako kama farasi asiye na tandiko. Niliwasikia kabla ya kuwaona. Mlikuwa mnahema pamoja. Sijui kwa nini kitu hicho kidogo ndicho kinachonirudia zaidi. Sasa alfajiri nawasha moto, nasikiliza, hakuna kitu.

Ulipolala na kifua, kipupwe kile cha upepo mkali, nilikuja na mchuzi nawe ukashindwa kuumeza. Haso alikuwa amejinyoosha mlangoni, kila anayeingia anamruka. Ulinishika mkono ukaniambia, "Haso usimpe mtu wa kiboko." Nilidhani homa inasema. Nikakujibu sitampa. Basi tu, ili utulie. Asubuhi yake ulikuwa umekwenda, na mimi nikawa mtu mwenye mbwa.

Mtani, hukuwahi kufikiri unampa mbwa Mwislamu? Au ulifikiri, ukacheka?

Mwajuma alisimama mlangoni siku niliyomleta, akasema, "Huyo haingii." Nilikwenda kwa mwalimu wa msikitini. Aliniambia mbwa wa kulinda mifugo au mali hana ubaya, lakini asiingie ndani, na chombo akikilamba nikioshe mara saba, na mojawapo iwe kwa udongo. Nilirudi nimefurahi kumweleza Mwajuma. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Maji ya kuosha mara saba atayateka nani?" Unajua visima vyetu wakati wa kiangazi. Wanawake wanachimba mchanga wa korongo mpaka wanazama mabegani, wanasubiri maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Basi ilibidi maji ya Haso niyateke mimi, nikitoka kazini. Nikamjengea kibanda nyuma ya ua, nikamwekea sufuria lake, nikajifunza kusimama mbali anapojikung'uta mate.

Chakula nilikipata jikoni. Mifupa, magamba ya ukoko, mabaki ya sahani za Wadachi. Nilidhani kazi imekwisha.

Halafu mvua za kwanza zikanyesha, majani yakaota, na kupe nao. Nilimtoa kupe kwa vidole mpaka macho yakaniuma. Siku moja akakataa kuamka. Ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi. Nilimwendea mzee mmoja, mganga wa ng'ombe kule Nzuguni, akampa mizizi aliyoichemsha, nikamlipa kuku. Haikusaidia. Nikanunua dawa ya chupa kwa Mhindi wa dukani, ghali, na sikuwa nimeweka kitu, nikakopa kwa mshahara wa mwezi ujao. Alipona, sijui kwa chupa au kwa ubishi wake. Lakini mwezi ule tulikula ugali na mlenda peke yake, na Mwajuma hakusema neno, na unajua Mwajuma asiposema neno.

Baada ya siku chache akanikalisha. Akasema, "Wewe humfugi mbwa huyu. Wewe unashtuka naye. Leo ameumwa, unakimbia. Kesho hajaumwa, unasahau. Ataumwa tena, huyu ni mnyama wa kuumia." Kisha akatoa kopo la chai la bati alilolipata kwa abiria mmoja. Akasema kila ninapopokea mshahara, kabla ya kununua chochote, hela kadhaa ziingie humo. Si za chakula, chakula kina fungu lake. Za kuogeshea dawa ya kupe kila mwezi, hata kama hana kupe. Na zinazobaki zikae kusubiri siku atakayovunjika au kuraruliwa. Nikamuuliza, "Na asiporaruliwa?" Akajibu, "Huyo?" Akaziba mfuniko kwa nta ya nyuki, maana ananijua mkono wangu.

Mwanamke asiyetaka hata kivuli cha mbwa kimguse, Mheta. Yeye ndiye aliyejua namna ya kumtunza. Mimi nilikuwa nampenda tu.

Tukaenda hivyo, kwa taabu lakini tukaenda. Nilimkimbiza mwenyewe alfajiri, na mwili huu wangu wa jikoni. Watu wa Makole walikuwa wanatoka nje kutazama. Dawa ya kupe tuliinunua kwa wakati wake. Kopo lilianza kuwa zito. Ilifika mahali nikadhani nimekushinda wewe.

Kisha akamfukuza ngiri.

Ilikuwa upande wa Nzuguni, jua limeshapanda kidogo. Nilimwona ngiri akiingia shimoni kinyumenyume kama wanavyofanya, nikamwita Haso nikamwita, na wewe ulijua jinsi anavyosikia akiwa mbioni. Ngiri alitoka mara moja tu. Nilipofika, Haso alikuwa amekaa. Hakulia. Paja la nyuma limefunguka mpaka nyama nyeupe ya ndani inaonekana, na tumbo limepigwa mstari mrefu. Alinitazama kama anayeniomba radhi. Nilivua kanzu nikamfunga. Wachungaji wawili wakanisaidia kumweka juu ya ngozi ya ng'ombe tukaifunga kwenye miti, tukambeba kama machela, na njia nzima watu wanasimama wanauliza nani amefariki. Nilikuwa nimelowa damu yake mpaka viwikoni. Sikuhesabu mara saba siku hiyo.

Bahati moja tu nilikuwa nayo. Daktari wa ng'ombe wa serikali alikuwa Dodoma, amekuja kukagua mifugo inayopakiwa kwenye treni, na alikuwa anakula katika nyumba ya wageni, chakula changu mimi. Alitoka na kitambaa chake shingoni, akachuchumaa, akambonyeza Haso hapa na pale. Mzee mpole, anasema Kiswahili polepole. Akaniambia, "Mpishi, risasi ni bure. Kushona ni fedha." Akanitajia kiasi. Dawa ya usingizi, nyuzi, dawa ya kuosha jeraha kila siku mpaka likauke, na mwenyewe huviagiza vitu hivyo kutoka pwani kwa gharama yake. Akasema atakunywa kahawa yake, akimaliza nimwambie.

Nikarudi kuandaa kahawa. Nikanawa damu, nikapanga vikombe.

Mezani alikuwepo yule mwenye kandarasi ya kuni za reli. Watu wote wanamwita Bwana Kuni. Unamjua, ndiye aliyekuwa akikutazama na Haso zamani. Amesikia yote. Nilipomwekea kikombe akasema, bila kunitazama, "Nitalipa mimi. Kushona, dawa, kila kitu. Mbwa atakuwa wangu." Akaongeza kwamba watu wake wanatoroka kambini sana, na mbwa mmoja wa aina ile anafanya kazi ya askari kumi.

Nilisimama na sinia. Sikatai, nilifikiri. Nilifikiri kwamba atapona, atakula nyama kila siku, daktari atamjia kambini, na mimi nitalala. Nilikuwa nimechoka tayari, kabla ya yote haya. Lakini kiboko cha Bwana Kuni kilikuwa juu ya meza, kando ya kofia yake, na nikaelewa kwamba siku ile homa haikuwa inasema. Ulikuwa umeshamwona mtu huyu akimtazama mbwa wako.

Mtu alikuwa amemwita Mwajuma kutoka stesheni. Alikuja na kapu lake la karanga kichwani na kopo mkononi, akavunja nta kwa kisu changu. Tukamimina zote juu ya meza ya kukatia vitunguu. Zilikuwa nyingi, Mheta, mwenyewe nilishangaa. Hazikutosha. Nikamweleza maneno ya Bwana Kuni. Unakumbuka Rajabu, mdogo wake, yule aliyefanya kazi ya kuni kwa bwana huyo akatoroka, akafika kwetu miguu imevimba, tukamficha mpaka akapata nafuu akaenda zake Kilosa. Mwajuma alilitua kapu chini. Kisha akafungua pindo la kanga akatoa rupia tatu. Zilikuwa za kodi ya nyumba. Akida wa serikali alikuwa anapita kuikusanya mwezi ule ule.

Nikasema, "Hizo zikienda, watanipeleka kazi." Akasema, "Najua. Akida atakubali mikono yako badala ya fedha. Daktari hatakubali." Akaanza kuzipanga pamoja na zile nyingine, polepole, na sikuona machozi, lakini alikuwa anavuta kamasi.

Nikatoka. Daktari alikuwa anamalizia kahawa. Nikamwekea fedha mbele yake. Bwana Kuni akasema, "Mwenye mbwa si alikufa?" Nikasema, "Ndiyo, bwana." Akasema, "Basi hana mwenyewe." Nikamjibu, "Anaye, bwana. Ndiye huyu anayelipa." Sijawahi kumjibu Mzungu hivyo maishani mwangu, na sauti ilitoka ndogo sana, lakini ilitoka. Daktari alikuwa ameshainuka. Alikunja mikono ya shati akaniambia nichemshe maji mengi.

Alimshona juu ya mlango tuliong'oa jikoni. Mimi nilishika kichwa. Haso alipoamka alitapika juu ya miguu yangu, na Mwajuma, aliyekuwa amesimama mbali na upande wa upepo, akasema, "Hai."

Akida alikuja. Sikuwa na kodi. Na kazi niliyopangiwa, bila shaka umeshakisia, ilikuwa kambi ya Bwana Kuni.

Sitakueleza yote ya kule. Kukata mbuyu ni kama kukata maji, lakini mgunga unarudisha shoka kwako. Tulilala chini. Bwana Kuni alinijua siku ya kwanza, akaniweka kwenye magogo mazito, hakunipiga, alinitazama tu kila asubuhi. Nilizeeka huko. Nilikulaani, mtani, nakwambia ukweli. Nilikuwa naburuta gogo nakusema wewe na mama yako na mbwa wako na Mdachi wako aliyekuachia. Nilikusema kwa Kinyamwezi ili uudhike zaidi.

Halafu siku moja watu wawili walitoroka. Walikuwa ndugu, kutoka upande wa Singida, mmoja bado hana hata ndevu, alikuwa anakohoa damu. Asubuhi nafasi zao zilikuwa tupu. Bwana Kuni alisimama ukingoni mwa vichaka anatazama, anapiga buti lake kwa kiboko. Wanyapara wakawafuata kwa miguu, bila mbwa. Tuliendelea kukata, kila mtu anasikiliza. Jua lilipozama wanyapara wakarudi, wamechanika kwa miiba, mikono mitupu. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja kando yangu alishusha pumzi tu, ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. Nami nilikaa juu ya gogo langu, nikajifanya nafunga kidonda cha mguuni, maana uso wangu ulikuwa haufai kuonekana.

Sikukulaani tena baada ya hapo. Kuchoka nilichoka vilevile.

Leo nimemaliza. Nafasi yangu jikoni wameniwekea, wamechoka na chakula cha yule msaidizi. Lakini kabla ya kuja nyumbani nilipitia Hombolo, ndiko Haso aliko. Mwajuma alimpeleka mwenyewe nilipochukuliwa, kwa kamba ndefu kuliko kisima, yeye mbele, mbwa nyuma, njia nzima hawakutazamana. Mama yako alikuwa anapepeta uwele. Akanisalimu, "Mbukwa, mwanangu," kisha akaitazama mikono yangu, akaacha ungo, akaenda ndani kunitafutia maziwa bila kuuliza kitu.

Haso alitoka zizini. Paja limepona, lakini mguu ni mkavu, haukunjuki vizuri. Hatakimbia tena kama mlivyokimbia. Anachechemea nyuma ya mbuzi, anawazunguka, anarudi anakaa. Mama yako anasema tangu aje fisi hawajasogelea ua. Kanona kidogo. Alinikumbuka, akanilamba mikono yote miwili, mpaka kwenye malengelenge, na ilichoma, nami nikamwacha. Korongo lilikuwa karibu, nikaosha baadaye.

Tumekubaliana mama yako, Mwajuma na mimi. Atabaki huko. Yeye atampa maziwa na uji, sisi tutaleta dawa ya kupe kila mwezi na mafuta ya kuchua mguu. Kopo limeanza upya. Jioni hii Mwajuma ametia hela za kwanza, akaziba nta, akaliweka juu ya dari, mahali nisipofika. Nimemwambia mbwa sasa ni kilema, hawezi kupata ajali. Akaniuliza tena, "Huyo?"

Kwaheri, Mheta. Sikuagana nawe vizuri ile siku, nilikuwa nashughulika na mchuzi uliopoa. Upumzike na wazee wako, na wakikuuliza habari za huku waambie ua wa mama yako una mlinzi na mvua zimekuja mapema. Nakuahidi Haso nitamtunza mpaka mwisho wake, awe mzee, awe kipofu, ashindwe hata kutafuna, na hatauzwa kwa mtu. Akifa nitamzika mwenyewe, mbali na visima, na sitafuga mwingine. Kwa hiyo ukionana na Bwana Mpima huko uliko, naye akiwa na mnyama wa kukuachia, mtani wangu, kataa.

Sudi
Makole, Dodoma